Mbwa Aliyepewa Jina la Bwana

Ukishuka treni pale Kindu ukauliza nyumba ya Mama Célestin, hata muuza sigara wa stesheni atakuonyesha kwa kidevu. Nyumba ya tatu, safu ya pili ya kambi ya reli, ile yenye mlango wa kijani uliobabuka. Utamkuta uani anageuza mikate yake ndani ya mafuta, na atakuvutia kiti kabla hujamaliza salamu. Kaa, kula, zungumza naye lolote. Ila nakusihi, usimuulize Célestin ni mtoto wake wa ngapi. Wageni wengi wameshauliza hivyo, na wote wamejuta.

Célestin hakuwa mtoto. Célestin alikuwa mbwa. Na kabla ya kuwa mbwa alikuwa mtu, tena mtu mzima mwenye masharubu na baiskeli. Subiri, usicheke kwanza, nitakueleza.

Mama mwenyewe jina lake Musau. Alizaliwa Kasai, upande wa Mwene-Ditu, na siku moja akiwa msichana anapepeta mahindi nyumbani kwao, kijana mrefu alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema, “Mimi ni Célestin.” Basi. Alikuwa amejiandalia hotuba nzima njiani, ya ukoo na kazi na nia, na yote ikamtoka kichwani akabaki na neno hilo moja. Mama yake Musau alicheka mpaka akakaa chini. Musau hakucheka. Alilishika lile jina, na mwaka haukuisha wakafunga ndoa kanisani, halafu reli ikawaleta Kindu, mjini kwa watu wasiosema Kiluba, kando ya mto mkubwa ambao Musau hakuacha kuuogopa.

Kazi ya Célestin ilikuwa kuvuta vile vyuma virefu vinavyogeuza njia, treni ya abiria ipite huku, mabehewa ya mizigo yaende kule. Ukizubaa kidogo kwenye kazi ile behewa linakwenda kulala majanini, kwa hiyo alikuwa mtu wa maneno machache na macho mengi. Nyumbani vilevile. Musau ndiye aliyekuwa na mdomo wa wote wawili.

Sasa, wewe unajua kwetu mke hamwiti bwana wake hovyo. Mkishapata mtoto mambo yanakuwa rahisi, unaitwa Mama Fulani, bwana anakuwa Baba Fulani, hakuna wa kukuuliza. Jirani yao mlango kwa mlango alikuwa Mama Safi, na bwana wake Baba Safi, wakaishi hivyo kwa raha zao. Lakini Musau na Célestin hawakupata. Walikwenda hospitali, walikwenda kwa masista, walikunywa mizizi ya kila kabila iliyopo Maniema, hakuna kitu. Akabaki anamwita bwana wake kwa jina la ubatizo, Célestin, kwa sababu hakuwa na lingine. Jina lake la ukoo, Tshibangu, lilikuwa pia jina la baba yake mzazi, na mke wa Kiluba aliyelelewa vizuri halitii mdomoni jina la baba mkwe. Afadhali amwondolee mzee kiti wakati anakaa.

Ndipo ikaja ile amri ya mwaka wa sabini na mbili. Redio ilisema majina ya wazungu yamekwisha, kila raia achukue jina la mababu. Kwenye ofisi ya reli walipanga mstari, karani akafuta na kuandika, kufuta na kuandika. Asubuhi Célestin aliondoka nyumbani akiwa Célestin Tshibangu, mchana akarudi akiwa Tshibangu Kazadi. Alimwonyesha Musau kadi mpya. Musau aliitazama juu na chini, akairudisha.

“Na mimi nitakuita nani?” akauliza.

“Niite Tshibangu, kama kila mtu.”

“Mamu wanyi! Jina la baba yako?”

Célestin akakuna kichwa. Hilo serikali haikulifikiria.

Mama Safi hakubadilisha hata herufi moja ya maisha yake. Musau yeye alipata shida, mama, shida ya kweli. Akimtaka bwana wake aliye upande wa pili wa uwanja, alipiga “psst!” Wakageuka wanaume sita. Alijaribu “wewe,” akaonekana hana adabu. Alijaribu “sitwayen,” yaani raia, kama wanavyosema kwenye mkutano, bwana wake akacheka mpaka machozi, akamwomba asirudie. Mwisho akalificha jina ndani ya nyumba. Alilisema kwa sauti ya chini, anapotandika kitanda, anapopanga sahani, na jioni baiskeli ilipokaribia alijisemea tu, karibu na sufuria, “Célestin anakuja.” Alikuwa akiogopa, na alikuwa na sababu. Waliotaja majina ya zamani walikuwa wanaandikwa. Mtu wa reli akiandikwa, barua ilitangulia ofisini, na kesho yake vyuma vile vingevutwa na mwingine, na nyumba ya kambi ingekuwa ya mwingine pia.

Mwaka uliofuata ndio mbwa aliingia.

Aliletwa na bwana wake Musau kutoka Alunguli, ng'ambo ya mto. Kulikuwa na mwindaji mmoja wa Pangi, Mzee Mulonda, aliyekuwa akileta nyama ya kukaushwa pale sokoni kila Alhamisi. Siku moja mama yake Mulonda alianguka sokoni, na Célestin aliyekuwa akipita alimpakia yule bibi kizee kwenye baiskeli akamkimbiza mpaka kivukoni, akavuka naye hadi hospitali. Bibi akapona. Mulonda hakusahau. Akamkabidhi mtoto wa mbwa aliyekwisha kukua nusu, na kengele ya mti iliyochongwa, tumbo lake limesokomezwa majani lisilie.

Musau alipomwona aliweka mikono kiunoni. “Hii njo nini umeniletea?”

Mbwa alikuwa mwekundu wa udongo, kifua cheupe, miguu yote minne myeupe kama amevaa soksi za shule. Mkia umejikunja juu ya nyonga, masikio yamesimama wima, na paji la uso lina mikunjo, kama mzee anayewaza kodi. Alimtazama Musau kwa muda mrefu. Hakutikisa mkia wala hakutoa sauti. Akazunguka uwanja mara moja, akachagua kivuli, akalala.

Wiki ya kwanza hakubweka. Wiki ya pili hakubweka. Mwizi wa kuku alipita, mbwa alimwangalia tu. Kambi nzima ikaanza maneno. Mama Safi alisema mbwa bubu ni mkosi. Mwingine akasema kule msituni wamemkata ulimi, na Musau akamfungua mdomo kwa vidole vyake mwenyewe, akaukuta ulimi upo, mrefu na mzima. Basi ni koo, akaamua. Mbwa ana koo. Akaanza kumtibu. Kila asubuhi yai bichi limekorogwa na asali, kila jioni yai lingine, na kitambaa cha moto shingoni. Mbwa alivumilia kitambaa kwa ajili ya yai. Wiki tatu alitibiwa hivyo, akanenepa, akang'aa manyoya, na asitoe hata kikohozi.

Mulonda alipovuka mto siku moja kuja kuwasalimia na kusikia habari ya dawa, alishika mbavu. “Mama, umeponya njaa! Mbwa ya kwetu habwekagi. Baba yake hakubweka, babu yake hakubweka. Njo maana tunamufunga kengele, tusipotezane naye mu pori. Tukienda tunaziba na majani, tukifika tunatoa majani, yeye anajua: sasa kazi.”

“Basi hana sauti kabisa?”

“Iko na sauti. Anaiweka. Utaisikia siku yeye anapotaka, si siku wewe unapotaka.”

Mayai yakakoma siku hiyo hiyo. Mbwa alikaa mbele ya kikapu cha mayai siku tatu, na ile mikunjo ya uso ikazidi.

Lakini hivyo ndivyo Musau alivyoanza kumjua. Aliona kwamba mbwa yule anajiosha uso kwa mguu kama paka, na harufu hana. Aliona kwamba mvua ikinyesha hatoki nje hata umvute, anasimama mlangoni amenyanyua mguu mmoja, anamtazama Musau kana kwamba yeye ndiye aliyefungulia maji. Alipanda ukuta wa jiko. Aliiba samaki kwa kusimama kwa miguu miwili kama mtu, na akifumaniwa hakimbii, anamalizia kutafuna. Ukimwita haji. Ukiacha kumwita, ukaendelea na kazi zako, baada ya kitambo unahisi kidevu juu ya mguu wako. Musau alikuwa akiutuliza mguu ule hata ukifa ganzi, asimwamshe. Alimpenda, tuseme kweli. Alikuwa na miaka thelathini na kitu na hakuna kiumbe aliyewahi kulala juu ya mguu wake kabla ya hapo. Jina hakumpa. Alimwita “wee.”

Siku ya balaa ilikuwa Jumatatu saa kumi jioni. Musau anakaanga mikate, mafuta yakashika moto, ndimi zikapanda hadi kwenye paa la jiko. Mtu akiona moto hafikirii redio. Alipiga ukelele kwa mapafu yake yote, “Célestin! Célestin wee! Moto!”

Bwana wake alitoka mbio, akatupa gunia bichi juu ya karai, moto ukafa, akaingia ndani kunawa masizi. Jirani aliyefika na ndoo ya mchanga alikuta kumetulia. Na jirani huyo, kwa bahati ya Musau, alikuwa Onema.

Onema alikaa mwisho wa safu. Kijana Mtetela, nadhifu, abakosi yake, lile koti la chama lisilovaliwa tai, imepigwa pasi hadi unaweza kujikata nayo, mhamasishaji wa chama katika kambi. Mkewe alikuwa akinunua mikate kwa Musau. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye daftari. Aliweka ndoo chini, akafuta mikono, akalitoa.

“Sitwayen, nani ameitwa Célestin hapa?”

Musau alitupa macho huku na huku. Mlangoni, katikati ya moshi, mbwa alikuwa amekaa anajiosha uso.

“Huyu,” akasema. “Ni mbwa njo naita.”

“Mbwa?”

“Mbwa. Amri ni ya watu, ao na mbwa pia?”

Onema alifikiri. Daftari halikuwa na ukurasa wa mbwa. “Muite tena,” akasema.

“Célestin!” Musau akaita. Mbwa alimtazama, akapiga mwayo mpana, akageukia mguu mwingine.

“Mama,” Onema alisema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo maana ilitisha. “Jumamosi ni salongo, kazi ya watu wote. Mukuu wa zoni atakuja. Utamuita mbwa yako mbele ya watu wote. Akija, sawa. Asipokuja, tutajua kama kuna muntu anaitwa Célestin mu hii nyumba, na ofisi ya reli itajua.”

Siku nne! Musau alimwita mbwa asubuhi, mchana na jioni. Kwa yai alikuja, lakini alikuja kwa yai. Alipoficha yai, hata sikio halikugeuka. Alimwita kwa kubembeleza, kwa ukali, kwa kuimba. Majirani walikuwa wakimsikia, “Célestin! Célestin!” mpaka Baba Safi akasema mwanamke huyu amelitaja jina lile mara nyingi kuliko padri. Bwana wake alikaa akimtazama. “Niache tu waniandike,” alisema usiku wa Jumatano. “Nitalima.” Hakuwahi kushika jembe maishani mwake, isipokuwa siku za salongo. Musau alilia mpaka foronya ikalowa.

Alhamisi alipanda mtumbwi, yeye anayeuogopa mto, akashika kingo kwa mikono miwili hadi Alunguli, na kumkuta Mulonda nyuma ya nyama zake. Akamweleza yote.

Mulonda alisikiliza akitafuna kijiti. “Unamuita namna gani? Nionyeshe.”

Musau akapaza sauti, wauzaji wakageuka.

“Aa-aa, mama! Hivyo unaita muntu wa ng'ambo. Mbwa hii inasikia jani likianguka. Ukimupigia kelele anajua huna la maana. Sema pole pole, mara moja. Kisha mugeuzie mugongo, ngojea.” Akatoa kijiti mdomoni. “Lakini niambie. Hilo jina, amekwisha lisikia zamani?”

“Kila siku. Nalisema ndani, jioni, bwana yangu akikaribia. Nasema, Célestin anakuja.”

“Na mbwa anafanya nini?”

Musau alijipiga paji la uso. Kwa maana alikiona kile ambacho macho yake yalikuwa yamekiona kila jioni bila kukijua. Kila akilisema jina lile karibu na sufuria, mbwa huinuka, huenda langoni, husimama akitazama njia ya stesheni. Mbwa alilijua jina. Alilijua vizuri sana. Ni la yule mwenye baiskeli.

“Yoo,” alisema Musau. “Nikimwita vizuri, atamwendea mwenye jina. Atamtaja mbele ya mkuu wa zoni!”

“Basi bwana yako asimame nyuma yako,” Mulonda akasema. “Akija kwake amekuja kwako. Na mufunge kengele, ajue ni kazi.”

Mpango ulikuwa mzuri. Ulidumu mpaka Jumamosi saa mbili asubuhi, Onema alipopuliza filimbi na kupanga watu. Wanaume na majembe ng'ambo ile ya reli, wanawake na mifagio huku. Watu arobaini walisimama kule wamevaa nguo za kazi za rangi moja, na kati yao, mahali fulani, alikuwa bwana wake. Musau alibaki peke yake na mbwa aliyemkalia miguuni, kengele shingoni. Mkuu wa zoni alikuwa amekaa kwenye kiti kilicholetwa kutoka stesheni, mtu mnene, ana joto, anataka kwenda nyumbani.

“Sogea, mama. Muntu asishike mbwa. Umuite,” alisema Onema, na kumwelekeza asogee hatua ishirini.

Alisogea. Alijua kitakachotokea. Akimpigia kelele, mbwa atapiga mwayo, na bwana wake ataandikwa. Akimwita ipasavyo, mbwa atavuka reli na kumwonyesha, na bwana wake ataandikwa. Kwa vyovyote jina lilikuwa linakwenda. Na hapo, nasikia, hofu ilimtoka, ikabaki hasira tu, na akaamua kwamba kama ni mara ya mwisho ya kulisema basi atalisema vizuri. Alilisema kama alivyolisema miaka yote kumi na miwili, kwa sauti ya ndani ya nyumba.

“Célestin.”

Kisha akageuka, akawapa wote mgongo, akafumba macho.

Kimya. Halafu kengele ya mti, ko, ko, ko. Ilikuja kwake. Ilifika karibu, akauhisi upepo wa mbwa kwenye sketi yake, na ikampita. Ko, ko, ko, ko, kwenye kokoto za reli sasa, inakwenda mbali, inaingia kati ya miguu ya wanaume. Ikasimama.

Na hapo ndipo mbwa alipotoa sauti. Haikuwa kubweka. Ilikuwa kama mtu anayeimba na kucheka pamoja, uu-wu-wuuu, ikipanda na kushuka. Musau akageuka. Kati ya watu arobaini wa rangi moja mbwa alikuwa amesimama kwa miguu miwili, mikono yake myeupe kifuani pa Tshibangu Kazadi, anamwimbia usoni.

Kambi ililipuka kwa kicheko. Watoto walipiga makofi, Mama Safi alidondosha ufagio. Mkuu wa zoni alicheka hadi kiti kikalia.

“Ni mbwa ya nani hii?” akauliza.

“Yangu, mukubwa,” alijibu Tshibangu, uso umemwiva.

“Ameitwa, amekwenda kwa bwana yake. Mulitaka aende kwa nani?”

Onema alikuwa amesimama katikati ya reli na daftari lake. Alimtazama mbwa, akamtazama mwanamume, akamtazama Musau, kwa muda. “Mukubwa,” alianza, “lakini hili jina—”

“Jina ni ya mbwa. Andika.”

Onema akaandika: Célestin, mbwa. Ikawa imekwisha.

Kesho yake sokoni, muuza mihogo akamwita Musau kwa mbali, akikonyeza wenzake, “Mama Célestin! Mwana hajambo?” Wanawake walicheka. Kuitwa mama wa mbwa, mji huu! Musau alirudi nyumbani bila mihogo, akajifungia, akalia kwa uchungu ambao hakuulilia hata moto ule. Bwana wake alikuja akakaa kando ya kitanda.

“Miaka kumi na miwili nilitaka watu wakuite Mama Fulani,” akasema. “Imekuja hivi. Tuipokee.”

Wakaipokea. Na ile ikawa miaka mizuri, nakwambia, hata kama sukari ilikosekana na treni zikaanza kuchelewa siku nzima. Musau alikuwa huru kuita “Célestin!” uwanjani kwa sauti yoyote aliyotaka, na wakageuka wawili, mmoja kwa mkia na mmoja kwa masharubu. Wakati mwingine aliita kwa raha tu, hana shida na yeyote. Cheko la sokoni lilichakaa, jina likabaki. Safi, binti wa jirani, alikua akipanda mgongo wa mbwa yule na kumvisha kitambaa kichwani. Kwa watoto wa kambi Célestin alikuwa mbwa, na hakuwahi kuwa kitu kingine.

Mbwa alikufa mwaka wa themanini na tano, mzee, meno yamekwisha, siku ya mvua, ndani, kidevu juu ya mguu. Bwana wake alimzika nyuma ya jiko, akafuta mikono, akasema, “Sasa nimebaki mimi peke yangu wa kuitika.” Aliitika miaka miwili zaidi. Naye akaenda kwa homa ya siku sita, na msalaba wa kaburi lake ukaandikwa na fundi wa reli kwa herufi nzuri nyeupe: Tshibangu Kazadi. Wakati huo hakukuwa na ruhusa ya lingine.

Ruhusa ilikuja mwaka wa tisini. Redio ile ile ilisema sasa kila mtu yuko huru na jina lake. Musau aliisikia akiwa na kijiko cha mikate mkononi. Alikaa chini. Mwezi wa kumi na moja, parokia ilipoandika majina ya marehemu kwa ajili ya misa, alivaa kitenge chake cha sikukuu, akaenda kupanga mstari. Mezani alikaa Safi, sasa mwalimu, kalamu mkononi.

“Shikamoo Mama Célestin. Tuandike nani?”

“Andika Célestin.”

Safi aliweka kalamu chini. Alimtazama kwa huruma, akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie, “Mama yangu. Na miye nilimupenda sana. Lakini hapana weza kuombea mbwa mu misa.”

Akisema ni jina la bwana wake, nani angemshuhudia? Mama Safi na Baba Safi walikuwa wameshahama Kindu. Wengine waliomjua bwana wake kwa jina hilo wamekufa au wamehamishwa. Alikuwa amelificha jina la bwana wake vizuri mno, na sasa lilikuwa limefichika, na hakuna mtu duniani aliyejua liko wapi isipokuwa yeye.

“Alikuwa muntu,” ikasema sauti nyuma kwenye mstari.

Alikuwa Onema. Abakosi alishaiacha, mvi zimemshika, alikuwa anauza chumvi kwa vikombe karibu na kivuko. Alisogea mpaka mezani, mikono mfukoni.

“Andika, mwanangu. Célestin Tshibangu. Alivutaga vyuma vya reli. Mbwa ilikuwa na jina yake tu.”

“Baba Onema, wewe ulijua?” Safi akashangaa.

“Nilijua siku ile ile. Kengele ilipita mbele yangu.” Hakumtazama Musau. “Na kwa chini, andika na baba yangu. Yeye alikuwa Michel.”

Safi akaandika. Musau aliinama juu ya meza. “Siku ya misa usilisome kwa nguvu,” akamwambia. “Lisome pole pole, kisha nyamaza kidogo.”

Safi alifanya kama alivyoombwa. Jumapili ile kanisa lilikuwa limejaa, akayasoma majina moja moja, na alipofika kwa lile alishusha sauti, akasema, “Célestin Tshibangu,” akanyamaza. Musau, aliyekaa benchi la mbele, akainuka, akageuka, akasimama akitazama mlango.